Kapu Ulilolitia Motoni

Songea, Jumamosi jioni

Bene binti yangu,

Umetoka hapa saa tisa kwenda Mjimwema kumuaga shangazi yako, na namjua dada yangu, hatakuachia mpaka umekula viazi vyake na kunywa vikombe viwili vya chai. Kwa hiyo nina muda. Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kwa kuandika majina ya watu kwenye vitako vya matenga wanayoagiza. Utavumilia mwandiko.

Sitakuandikia habari za pasipoti wala sweta wala chakula cha huko China. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, na atayarudia mlangoni. Mimi nina neno moja. Linahusu lile kapu la dada yako Skola, ambalo miaka yote hii kumi na minne unaamini kwamba ulilichoma wewe, kwa kuchukua silo, ulipokuwa na miaka saba. Hukuchukua silo, Bene. Ulichukua lile lile nililokuonyesha.

Nataka uondoke hapa kesho ukilijua hilo, hata kama ukishalijua hutataka tena kuniita baba.

Ningeweza kukaa kimya. Nimezoea. Lakini juzi ulipokuwa unakunja nguo ulisema, bila hata kunitazama, "Baba, nikimaliza hii miaka miwili nitakuwa nimelijua lile kapu vizuri kuliko mtu yeyote hapa. Nitalisuka moja zuri, nilipeleke kaburini kwa dada. Nitakuwa nimemrudishia lake." Nami nikakujibu, "Vizuri, mama." Kisha nikatoka nje nikasimama kwenye mianzi kama mtu anayetafuta wa kukata. Nilifikiri ulichaguliwa kwenda huko kusomea kusuka mianzi kwa sababu unaipenda kazi. Kumbe unakwenda kutumikia adhabu yangu.

Basi nianze mwanzo.

Babu yako, aliyenifundisha kusuka, alikuwa na desturi. Chombo cha mwanafunzi kikiharibika, hakitupwi wala hakifumuliwi. Kinawekwa chini ya chungu jioni, kinapika ugali, na aliyekiharibu anakula wa kwanza, wote wanamtazama. Mimi nilikuwa na miaka tisa nilipokula ungo wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeufunga ukingo kwa haraka ili niwahi mpira. Babu yako akanikatia tonge kubwa akaniambia, "Meza. Hiyo ndiyo ladha ya haraka yako." Kaka zangu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mwanzi ukiungua unalia, unajua. Hewa iliyofungwa ndani ya pingili inapasuka pa! Kila mlio nilidhani ni mimi napigwa.

Ungetegemea mtu aliyeumia hivyo asiwafanyie watoto wake. Mimi niliona ndiyo iliyonifanya fundi. Nilijisifu nayo sokoni. "Kwangu kosa linaliwa," nilikuwa nawaambia wateja, na wao wanacheka, na mimi najiona mwalimu mkali mwenye watoto wenye adabu. Skola alikula nyungo zake nne. Wewe uliwahi kula kimoja, kibakuli kidogo tu cha kuwekea mayai, na ulilia mpaka mama yako akanilaumu chumbani.

Skola nikimkumbuka namkumbuka akiwa ameuma ncha ya chane nyembamba ya mwanzi kwenye meno ya pembeni, mikono yote miwili ikiwa kazini, na wimbo wa kwaya unamtoka puani. Nilikuwa namwambia, "Toa hicho kinywani, utajikata ulimi." Hakujikata hata siku moja. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na saba. Mjomba wenu alituletea asali kutoka Namtumbo, ikiwa bado kwenye masega yake, na Skola hakula. Alikaa kwenye gogo letu na kipande cha sega mkononi anakigeuza juani mpaka asali ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Wewe ukaja ukamlamba kiwiko, akakusukuma huku anacheka. Siku ya pili akaanza kupasua mianzi.

Alitumia wiki tatu. Mimi husuka vile nilivyofundishwa, moja juu moja chini, na matundu yanakuwa ya mraba. Yeye alipitisha chane pande tatu, zinashikana zenyewe, na kila tundu lina pembe sita kama sega. Jepesi, unaliinua kwa kidole. Na ukikalia juu yake halibonyei. Nilijaribu kulikalia alipokuwa hayupo. Nilitaka libonyee.

Kapu lile lilikuwa na safari. Jumatatu iliyofuata angelipeleka kwenye chuo cha ufundi cha masista, kwa sababu walitaka kila anayeomba nafasi aje na kitu alichotengeneza mwenyewe. Lakini Ijumaa alikuja nalo kwanza sokoni, anisaidie kuuza. Alilitumia kuwekea nyanya. Yule mama wa kuku aliyekuwa ananunua matenga kwangu tangu wewe hujazaliwa akaja, akamwaga zile nyanya juu ya turubai bila kuuliza, akalishika.

"Nani kasuka hili?"

"Mimi," Skola akasema.

"Wewe? Na mzee kakaa hapo hapo?" Akanigeukia. "Mzee, leo umevuliwa nguo na mtoto. Haya matenga yako sasa yapeleke kwenye mkaa, kuku wangu wamepata nyumba ya bati!"

Watu wakacheka. Wauza dagaa wakacheka, na fundi baiskeli naye. Skola hakucheka, aliona aibu kwa ajili yangu, akainamia nyanya anaziokota. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kicheko cha wengine. Mtu anayekushinda akikuonea huruma juu ya hilo! Nilirudi nyumbani siku ile nimemchukia mtoto wangu. Sina neno laini zaidi la kuandika hapa. Nilimchukia kutoka sokoni mpaka nyumbani, mwendo wa saa nzima, naye anatembea mbele yangu na lile kapu kichwani.

Jioni yake Skola alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Mama yako alikuwa kisimani. Wewe ulikuwa unachezea majivu, huna meno mawili ya mbele. Karibu na mlango kulikuwa na vitu viwili: ungo wa Skola uliopinda, ambao kweli ulikuwa wa kuchomwa, na lile kapu. Nikakuambia, "Bene, leta lile kapu, tia motoni."

Ukasimama kati ya vile viwili. Ukauliza, "Hili la dada, baba? Hili zuri?"

Nikasema, "Hilo hilo. Fanya haraka."

Umeona? Uliuliza. Hata leo nikikumbuka naona ulikuwa umenipa mlango wa kutokea. Ulilibeba kwa mikono miwili, limekufunika mpaka kidevuni, ukaliingiza chini ya chungu. Mwanzi uliokauka vizuri hauchukui muda. Mama yako akarudi, akasonga ugali, hakujua moto ni wa nini.

Skola akaja, akanawa, akakaa. Alikuwa na njaa. Alikula ugali ule na dagaa, tonge baada ya tonge, anatusimulia jinsi mwalimu wa kwaya alivyokohoa katikati ya wimbo. Mimi nilimtazama akila. Nilimwacha amalize. Nilijua anakula nini, na sitakudanganya, kwa dakika chache nilisikia raha.

Kisha akainuka kutafuta kapu lake.

Wewe ndiye uliyesema. "Nimelitia motoni." Ulisema tu, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa akatumika. Naye akanigeukia mimi. Bene, ningeweza kusema, "Mimi ndiye niliyemtuma." Angenichukia, lakini angekuwa na mtu sahihi wa kumchukia. Nikasema, "Mtoto kachukua silo. Nilimwambia ule ungo uliopinda."

Alikuzaba kibao mpaka ukaanguka kwenye kuni. Hukulia. Uliniangalia mimi. Ulikuwa unangoja niseme kitu. Kisha nikaona uso wako unabadilika, nikaona kabisa ukianza kuamini kwamba huenda kweli nilisema ungo, na kwamba ni wewe tu hukuelewa. Mtoto wa miaka saba aliona ni afadhali ajione mjinga kuliko kumwona baba yake mwongo.

Skola asingeweza kusuka jingine. Mvua zilikuwa zimeanza, wagema ulanzi, ile pombe ya mwanzi, walikuwa wameshakata ncha za mianzi, na mwanzi uliokatwa wakati huo umejaa maji, unaliwa na wadudu kabla hujafika popote. Wa kiangazi ulikuwa umekwisha, wote alikuwa ameutumia kwenye lile kapu. Jumatatu ilifika, hakwenda kwa masista. Jumatano alipanda basi la Tunduru na mwenzake mmoja, wakapike chakula cha wachimba madini. Aliniaga vizuri. Alimuaga mama yako. Wewe hakukuaga. Ulisimama na nguo yako ya shule nje ya uzio mpaka basi lilipokwenda, nami nikakuona, nikakuita ndani ukale.

Miezi minane baadaye ukingo wa shimo ulimomonyoka, naye alikuwa amekaa karibu na ukingo huo.

Ulikuwapo msibani, unakumbuka watu na nyimbo. Lakini kuna jambo hulijui. Yule mchimbaji aliyemleta, kijana wa Namasakata, alinivuta pembeni nyuma ya nyumba akanipa mfuko wa vitu vyake. Ndani mlikuwa na kitenge, kijiko, na chekeche la mwanzi. Akasema, "Pole sana, mzee. Huyu dada mwishoni alikuwa hapiki tena, alikuwa anatusukia haya ya kuchekechea mchanga. Ya watu wengine yanakatika wiki moja. La kwake halikatiki. Alifundishwa na nani?"

Lilikuwa na matundu ya pembe sita.

Nikamjibu, "Na mimi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Basi wewe ni fundi, mzee."

Siku ile ile mama yako, akiwa hana akili yake kwa uchungu, alikushika viganja mbele ya watu akavitikisa. "Mikono hii ndiyo iliyomtoa mwenzako nyumbani." Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nina hakika ni hatua tatu kwa sababu nimezipima mara nyingi baadaye, kutoka kwenye nguzo mpaka lilipokuwa jamvi.

Nikajiambia nitasema arobaini ikipita. Arobaini ikapita, nikasema ukimaliza shule. Ukamaliza. Kisha mama yako akaugua. Unaikumbuka ile asubuhi alipokuita ukaribie kitanda, sauti yake ikiwa imebaki kidogo. "Bene, lile kapu. Nimekusamehe. Usiishi nalo." Ukapiga magoti ukasema, "Asante, mama. Asante." Ukamshukuru. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji. Nilingoja mpaka ukajifuta uso, ndipo nikaingia nikasema uji unapoa.

Mama yako alikufa akiwa amemsamehe mtu ambaye hakumkosea. Mimi niliyemkosea alinishukuru kwa uji.

Sasa, juu ya mafunzo yale ya kusuka mianzi ambayo Wachina walituletea hapa Songea, yaliyokupatia safari hii. Nilijiandikisha nawe kwa majivuno, unajua. Nilitaka Wachina waone Songea kuna mafundi. Siku ya kwanza yule mama, Mwalimu Chen, alipopigilia vile visu viwili kwenye ubao, vimeachana kidogo tu, akavuta chane katikati yake ikatoka sawasawa kama uzi wa kiwandani, nilijua mimi ni mwanafunzi. Akapasua nyingine nyembamba, akaiweka juu ya gazeti, tukasoma maandishi kupitia kwenye mwanzi. Yule dada mkalimani akatueleza kwamba kwao vipo vijiji vinasuka mianzi tu, vingine henzirani, vingine mabua ya ngano, na mtu anaweza kuzeeka kwenye aina moja ya fundo. Wewe ulikuwa unatabasamu. Nilikuwa sijaona meno yako yote kwa muda mrefu.

Siku ya tatu akaanza lile la pembe sita. Alipopitisha chane ya tatu, tundu la kwanza likajifunga, wewe ukaondoka. Nilikukuta bombani unajimwagia maji usoni.

"Baba, ni lenyewe."

"Ndiyo."

"Dada alijifunza wapi?"

"Sijui," nikasema. Nilijua. Kwenye sega la asali, akiwa amekaa pale pale kwenye gogo letu. Kitu ambacho watu wa mbali wamekipokea kwa mababu na mababu, mwanangu alikitoa kichwani mwake peke yake, na mimi nikakipikia ugali.

Wiki ile ile Mwalimu Chen aliuliza, kupitia kwa mkalimani, chombo kikiharibika huku kwetu tunafanyaje. Watu wakanisukuma mimi niliye mkubwa nijibu. Nikasema, "Tunachoma." Mkalimani akamwambia. Yule mama akafikiri kidogo, akasema neno. Mkalimani akageuka: "Anauliza, na mwanafunzi mnamfanyaje?" Darasa zima likacheka, wakadhani ni utani. Wewe pia ulicheka kidogo, umeinama. Kisha Mwalimu akatoa kwenye begi lake kile kikapu kibaya, kimepinda kama kimekanyagwa na ng'ombe, akasema ni chake cha kwanza, alikisuka akiwa binti, na anasafiri nacho ili wanafunzi wakicheke. Tukakipitisha mkono kwa mkono. Kilipofika kwangu sikuweza kukicheka. Nilikishika muda mrefu mpaka jirani yangu akaninyang'anya.

Sina mengi ya kukufundisha baada ya hayo. Nitasema tu nililolijua kwa kuumia. Siku mtu atakapokushinda, na huko watakushinda, usishike kitu chochote mkononi kwa siku tatu. Usiamue lolote. Na ukiona mtoto anakuuliza, "Hili hili?", simama. Yeye ameona kitu ambacho wewe hutaki kukiona.

Na usimsukie dada yako kapu la kulipa. Kama utamsukia, msukie kwa sababu mlipendana na ulimlamba asali kiwikoni. Mkono wako haudaiwi.

Lile chekeche lake sikulizika naye wala sikulitupa. Nilikuambieni wewe na mama yako kwamba mfuko ule ulikuwa na kitenge na kijiko tu. Liko darini, juu ya jiko, nilikolificha nyuma ya mianzi yangu ninayoikausha kwa moshi. Moshi umelitunza. Limekuwa jeusi, lakini hakuna mdudu aliyeligusa, hata chane moja haijakatika. Nimelishusha leo ulipotoka, nimelifuta kwa kitambaa cha mama yako. Liko mezani, chini ya barua hii. Ni lako. Mwonyeshe Mwalimu Chen, mwambie lilisukwa na binti wa Songea ambaye hakufundishwa na mtu yeyote. Usiseme alifundishwa na baba yake. Hilo neno nililisema mara moja, na nilimnyang'anya hata akiwa amekufa.

Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi yako amesema atakusindikiza, na nimemwomba aje na pikipiki mbili, moja ya begi. Mimi sitasema nitakuja stendi. Ukitaka nije, nitakuja. Usipotaka, ondoka tu, usitafute maneno ya kuniachia. Sitamwuliza mtu ulisema nini.

Nimekupikia. Ugali umefunikwa kwa sahani ya bluu, na kuna dagaa wa Nyasa na matembele. Nimepika kwa kuni za mti. Unaweza kuangalia majivu. Lakini usinawe kwanza. Dada yako alikula kabla hajajua, nami nikamwangalia. Wewe soma hii mpaka hapa, ndipo uamue kama utakula kwangu.

Nipo nyuma, kwenye mianzi. Nitasikia mlango.

Baba yako